Formasyo ya makiyaji ya teatri hapa Bukavu: balitufundisha bidonda ya ngozi yenye hatuna

Bandugu na badada, nilijiambia nisiandike kintu juu ya hii formasyo mpaka hasira itulie, haijatulia, basi naandika hivi hivi. Ni ile formasyo ya makiyaji ya teatri na ya filme, bidonda, uzee, damu, bile byote, iko upande wa Ibanda, jina sitataja juu sitaki maneno na mutu, benye banaijua banaijua. Bei na masaa mutauliza kwa mulango. Mi nataka kusema siku moja tu, siku tulifundishwa kutengeneza uso wa mutu amepigwa.

Lakini kwanza nitoe haki yake. Mwalimu anajua kazi, hapo sina ubishi. Somo ya kuzeesha ngozi ilinishangaza kabisa: unavuta ngozi ya mukono ya mwenzako mpaka ikaze, unapiga-piga lateksi, ule mupira wa majimaji, na eponji, kidogo tu, nyembamba, unakausha na seshware kwa upepo ya baridi, unatia poda ingali imekazwa, kisha unaachilia, na hapo mukono ya musichana mudogo inakuwa mukono ya koko amelima Walungu maisha yote. Tulipiga makelele sisi bote. Na mbele ya mutu yeyote kuguswa na lateksi alitupima, tone moja ndani ya kiwiko, tungoje mpaka kesho yake, juu kuna batu miili yao inakataa lateksi, banavimba, bengine pumzi inabana. Nyusi alitufunika na vazelini nzito juu lateksi ikishika nywele inatoka nazo. Kuna batu bengi ba makiyaji ya harusi humu mujini benye habapimi kintu, banapaka tu, kwa hiyo hapo namupa heshima.

Na kwa muundo ya uso, ni kusema kunakili sura ya mutu na plasta, pia alikuwa mukali kwa njia nzuri. Alisema plasta haiendi kwa ngozi moja kwa moja, hata siku moja, kwanza aljineti, ile poda unachanganya na maji inakuwa laini kama mupira, tundu za pua zibaki wazi, na mutu mumoja asimame pale kazi yake ni kuangalia pumzi tu. Plasta ikianza kukauka inatoa moto, na ikiwa nyingi inachoma kweli. Alitupa mufano wa Uingereza, 2007, mwanafunzi wa miaka 16 aliingiza mikono mu plasta mu somo ya sanaa ya shule, akapoteza karibu bidole yake yote. Ile siku hakuna mwenye alicheza na ndoo. Jelatini ya kutengeneza bidonda nayo alielezea vizuri, jelatini na gliserini na maji kidogo, unapashia moto pole pole, unajaribu kwanza kwa mukono yako mwenyewe, na usisahau kama jelatini inalegea chini ya taa ya jukwaa, mutu akitoka jasho kidonda inaanza kutembea. Gliserini iko kila farmasi, jelatini njo ilitusumbua, bengine balivuka Ruzizi kuitafuta Kamembe, kule Rwanda.

Sasa ile siku.

Alianza kwa maelezo yenye niliandika yote. Mutu akipigwa, mishipa midogo inapasuka, damu inabaki chini ya ngozi, na rangi inabadilika juu mwili unaivunja-vunja ile damu: nyekundu, kisha zambarau na bluu, kisha kijani, mwisho manjano. Sawa. Akatoa boksi yake ya rangi, nyekundu ya mwangaza sana, pinki, manjano kama ya limau, akafungua telefone akatuonyesha picha ya muzungu mumoja jicho limevimba, akasema fanyeni hivi. Nikafanya hivyo kwa shavu ya mwenzangu mwenye tulikuwa naye meza moja. Bandugu, ile pinki ilikaa juu ya ngozi yake kama vumbi ya choki. Manjano ikageuka majivu. Nilifuta, nikarudilia, tena majivu. Nikaangalia meza zingine, ni vile vile, darasa nzima tunaonekana tumepakwa unga, hakuna hata mumoja mwenye ungeamini amepigwa.

Nikauliza. Na niliuliza kwa heshima, nilinyanyua mukono, nikasema mwalimu, samahani, kwa ngozi yetu damu ikivilia haionekani pinki, tutumie rangi gani? Akacheka kidogo na akasema mbele ya bote: "Ngozi yenu nyeusi sana, njo inaharibu makiyaji. Fanya tu vile picha inaonyesha." Ngozi yenu! Yeye mwenyewe mweusi kunipita mimi, mutoto wa hapa hapa, amekulia Kadutu kama sisi. Mwenzangu mwenye nilikuwa nimemupaka alishusha macho akachukua kitambaa akaanza kujifuta yeye mwenyewe, nguvu nguvu, na mi sikuweza kumwambia kitu. Na kwa pratiki akanipa pointi ya chini juu "rangi hailingani na mufano".

Hapo njo nilichukia na sijaacha mpaka leo. Juu huyu huyu mwalimu kila asubuhi alikuwa anatuimbia Dick Smith, yule Mumarekani aliyekufa 2014, baba wa hii kazi yote, na mi nikaenda kumusoma. Dick Smith alikuwa anajibu barua za vijana benye hakuwajua hata sura, anabapa siri zake za damu na za sura za mupira bila kuficha. Rick Baker, Mumarekani mwengine wa makiyaji ya filme, alimufuata angali kijana, akapokelewa, na huyo njo alikuja kupata Oscar ya kwanza kabisa ya shindano ya makiyaji, 1982. Ukimutaja mutu wa hivyo kila asubuhi, halafu mwanafunzi wako anauliza swali moja ya kazi, unamujibu ngozi yake?

Nilienda kwa mama mukubwa wangu, amefanya kazi ya kuuguza miaka mingi. Nikamuuliza, mama, mutu wetu akipigwa mi naangalia nini? Hakutafuta mbali. Akasema kwanza uvimbe, uso unapoteza umbo yake, na pale pamevimba ngozi inakaza inangaa. Rangi iko lakini iko ndani, juu weusi wa ngozi uko juu yake, kwa hiyo inatoka kama zambarau nzito, ya divai, inaelekea kahawia, mara nyeusi kabisa, na kijani na manjano zinaonekana kidogo pembeni tu, kwa mutu mwenye ngozi nyeupe kidogo njo zinaonekana zaidi. Na akaniambia, sisi kazini tukitaka kujua mugonjwa amepungukiwa damu hatuangalii shavu, tunaangalia kitanga, ndani ya mudomo, chini ya kope. Basi nikarudi kuchanganya upya. Sikutia rangi yenye ina nyeupe ndani, juu ile nyeupe njo inaleta majivu. Nilitia zambarau ya divai na bluu nzito, nyembamba, na eponji ya matundu, nikajenga uvimbe na nta kidogo, nikafunika kingo na rangi ya ngozi yake mwenyewe, juu ya uvimbe gliserini ya kungaa, na wekundu nikaweka tu ndani ya mudomo na kwa kona ya jicho. Damu yenyewe siropo na rangi ya chakula, na kakao kidogo ikuwe ya jana.

Kikundi chetu cha teatri kilicheza kule Bagira, mwenzangu yule yule njo alikuwa mwanamuke wa kupigwa. Mama mumoja wa mustari wa mbele aliinuka katikati ya muchezo akauliza kwa sauti nani amempiga uyu mutoto kweli. Nililia nyuma ya pazia, siogopi kusema.

Nikamupelekea mwalimu picha. Aliangalia sana, akavuta-vuta ile picha ikuwe kubwa, akauliza rangi gani hii, nikamwambia yote, sikuficha hata moja. Akasema "mm" na akarudisha telefone. Basi.

Juzi mudogo wangu mumoja wa promosyo mupya ananiambia mwalimu sasa anabafundisha zambarau ya divai, na kuangalia kitanga, na ndani ya mudomo. Nilipatwa na furaha kwanza, nasema kweli, juu basi bale batoto habatapakwa choki. Nikaanza kuandika kama muende, mulipe, mujifunze, ni formasyo nzuri, mikono ya huyu mutu hamutaipata kwengine karibu. Na ni kweli, kwa lateksi na kwa muundo ya uso sijui fasi ingine yenye inafika pale. Lakini kila nikiandika "nzuri" naona mwenzangu anajifuta shavu. Hajamuomba samahani. Kwa batoto bapya hasemi ilitoka wapi.

Kwa hiyo sijui tena niseme nini. Kama unaenda kwa ajili ya uzee na muundo, enda, na lipa kwa vipande, usitoe yote mara moja. Kama unaenda upate mutu wa kukujibu swali, usiende. Hapana, enda, lakini uliza kwa nguvu, ulizeni bote pamoja, asipate mumoja wa kumucheka. Sertifika yangu ingali na ile pointi ya pratiki. Niliandika barua kuomba ibadilishwe, juu ile "makosa" njo somo yake ya leo, na kufika sasa hakuna mwenye amenijibu.