Uzoefu wangu: Mwaka wa shule Ujerumani, na tiketi iliyotangulia kufunga shule

Kwa wasiopenda kusoma marefu: shule naipa nyota tano, familia iliyonipokea nyota tano, shirika lililonipeleka nyota mbili na nusu. Kilichowapunguzia nyota ni tarehe ya kurudi, na kwenye vipeperushi vyao hutakuta mstari hata mmoja juu yake.

Ujerumani ina majimbo 16 na kila jimbo lina kalenda yake ya likizo ya kiangazi. Wapo wanaofunga mwishoni mwa Juni, wapo wanaosoma mpaka Julai iishe. Baden-Württemberg, nilikokaa katika mji mdogo karibu na Tübingen, na jirani zao Bavaria huwa wa mwisho nchi nzima. Shirika lenyewe linawakatia tiketi wanafunzi wote kwa mkupuo, mwanzoni mwa Julai. Mwenzangu aliyepangiwa kaskazini alikuwa ameshafunga na kwenda kuogelea. Mimi nikaambiwa nifungashe wakati darasa langu bado lina wiki tatu za masomo. Nilipouliza, jibu likawa kwamba mpango ni wa miezi kumi na umekamilika.

Mtu atasema wiki tatu ni kitu gani. Bila hizo wiki hupati ripoti ya mwisho wa mwaka, ile wanayoiita Zeugnis, kwa sababu walimu hukaa kikao cha kupitisha alama siku chache kabla ya kufunga, na ripoti yenyewe hutolewa siku ya mwisho. Unarudi nyumbani na barua ya shirika yenye picha ya puto na maneno ya hongera. Baba yangu angeipokea kwa adabu, kisha angeuliza matokeo yako wapi.

Na matokeo hayo niliyatolea jasho. Kwa darasa la 10 alama zinaanzia 1, ndiyo ya juu, mpaka 6. Hilo halikunisumbua, sisi wa Divisheni Wani tumeshazoea. Kilichonisumbua ni mkono. Kule kuchangia darasani ni sehemu ya alama karibu kila somo; ukikaa kimya wiki nzima, hata kama daftari lako ni safi, mwalimu anakuandikia kwamba hushiriki. Mimi nimelelewa katika shule ambayo mwanafunzi mzuri hujibu akiulizwa. Taarifa ya nusu mwaka ya Februari ilikuwa na masomo kadhaa yasiyo na alama kabisa. Walimu walinionea huruma kama mgeni, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma.

Nusu ya pili nikaomba kufanya GFS, kazi ya kuwasilisha mbele ya darasa ambayo kwa jimbo lile inahesabiwa sawa na mtihani wa kuandika. Mada sikuitafuta mbali. Mimi ni wa Lindi, na darasa letu lilikuwa limeshakwenda Berlin kumtazama yule mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyechimbwa kwetu Lindi, mifupa yenye kimo cha zaidi ya mita 13 ndani ya jumba la makumbusho. Wanafunzi walimjua mnyama, hawakujua njia aliyopita. Nikawaeleza uchimbaji wa 1909 hadi 1913, wapagazi waliobeba mifupa kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi, na msimamizi Boheti bin Amrani, ambaye jina lake hakuna aliyewahi kulisikia pale darasani. Maswali yalikuwa mengi mpaka kengele ikalia, na moja liliulizwa na mvulana ambaye tangu Septemba hakuwahi kunisemesha: kwa nini hajarudishwa? Nikamjibu kwamba hata bungeni kwetu swali hilo limeshaulizwa. Nilipata 2. Kijerumani changu bado kilikuwa kinachechemea, wala sikujali.

Basi ukishafika hapo, kuondoka kabla ya ripoti ni sawa na kupika pilau na kuondoka kabla ya kupakua. Mama mwenyeji ndiye aliyelishikia bango suala langu. Aliandika barua pepe kwa shirika, mwalimu wa darasa naye akaandika ya kwake, wazazi wangu wakasaini ridhaa. Mwishowe walikubali kusogeza tiketi, kwa masharti: gharama ya kubadilisha tulipe sisi, na bima ya afya ya siku za ziada tutafute wenyewe. Kibali changu cha ukaazi kwa bahati kilikuwa na muda wa kutosha. Wa rafiki yangu kutoka nchi nyingine ulikuwa unaisha na safari, kwa hiyo yeye mlango ulifungwa hapo hapo.

Zile wiki zenyewe? Masomo yalilegea. Mitihani imekwisha, walimu wanaonyesha filamu, kuna siku ya matembezi msituni, kuna siku joto lilipanda tukaruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Lakini shuleni lazima ufike, hakuna cha kutegea. Na kwa mgeni huo ndio wakati wa kupata marafiki, maana hakuna anayekimbilia daftari na ulimi wako umeshafunguka. Marafiki nilionao Ujerumani leo, nusu niliwapata Julai.

Kama mwanao anataka kwenda, uliza jimbo kabla ya kusaini, kisha tafuta tarehe ya kufunga shule ya jimbo hilo. Zimetangazwa miaka kadhaa mbele. Linganisha na tarehe ya ndege, kibali na bima. Ikishindikana kabisa kubaki, mwanafunzi amwendee mwalimu wa darasa mapema, aombe ripoti ya kuondoka yenye sahihi na mhuri wa shule. Vitabu ni vya kuazima, virudishwe. Ofisi ya mji nayo inataka ujiondoe kwenye daftari la wakazi, na huwezi kufanya hivyo zaidi ya wiki moja kabla ya kuhama, kwa hiyo usiende mapema ukarudishwa.

Kwa upande wa nyumbani, msitarajie makubwa kutoka kwenye hiyo Zeugnis. Shule niliyojiunga nayo Kidato cha Tano ilitaka cheti changu cha Kidato cha Nne tu. Baba aliipeleka ripoti kwa mtu wa fremu mjini, sasa ipo sebuleni, na mgeni akija husomewa alama za somo moja moja, pamoja na ile 4 ya Kifaransa. Shirika wakianza kukata tiketi kwa kufuata kalenda ya jimbo, nitarekebisha hizi nyota.