Usikubali Kuambiwa Hita Imekufa: Naifungua Hii ya Lita 50 Mbele Yenu

Assalaam alaykum jamaa zangu, karibuni tena. Leo sipo barazani, nipo chooni, kwa hiyo mkisikia sauti inapiga mwangwi mnisamehe. Hichi mnachokiona ukutani ni hita ya maji ya tangi, lita 50, koili yake, yaani kile chuma cha ndani kinachopasha maji moto, wati 1,500. Jina nimelibandika tepu makusudi. Sijalipwa na mtu, na nitakayoyasema leo yanazihusu takriban zote za aina hii, iwe umenunua Darajani au kuna mtu kakuletea kutoka Dubai.

Tuliifunga miaka mitatu nyuma, dada yangu alipojifungua mtoto wa kwanza akaja kwetu kukaa arobaini. Mama alitaka maji ya kumkanda mzazi asubuhi na jioni, mimi nikajiona mjanja: kuni za nini, tutie hita. Na ilitufaa kweli. Sasa mwaka huu dada kaja na wa pili, siku ya kumi hivi breka ikaanguka. Ukiipandisha, inaanguka tena. Mama hakugombana na mtu. Alikwenda jikoni akalitoa lile sufuria lake kubwa, akanipita nalo hapa mlangoni, akaniambia: "Hili halina breka."

Fundi wa kwanza alisimama hapo hapo mlangoni, hata spana hakutoa. "Hii imekufa, nunua nyengine." Basi. Kaniomba nauli, kaondoka. Wa pili ndiye huyu aliye pembeni yangu, hataki kuonekana kwenye kamera, lakini mkono wake mtauona. Yeye jambo la kwanza alizima breka kuu, akapima kwa tesita kuhakikisha, ndipo akafungua hichi kifuniko cha chini. Akazitoa nyaya mbili kwenye koili akazifunga tepu, akapandisha breka. Haikuanguka! Maana yake shoti ipo ndani ya koili, waya wa nyumba ni mzima. Kisha akazima tena, akaweka multimita: ncha moja kwenye pini ya koili, ncha nyengine kwenye chuma cha tangi. Koili nzima haitakiwi kusoma kitu hapo. Hii ilisoma. Na pini kwa pini, koili ya wati 1,500 kwa umeme wetu wa volti 230 inatakiwa kusoma kama omu 35. Fundi akikwambia "imekufa" bila ya kupima, mpe chai aende zake.

Haya, maji tumeshayamwaga, tunaitoa. Vuta... polepole... subhanallah. Sogeza taa. Mnaona? Hiyo ni koili, si jiwe la kujengea. Chokaa imeivaa mpaka imepasuka ganda lake, maji yakaingia ndani, ndiyo shoti yenyewe.

Sasa chokaa hii imetoka wapi? Kisiwa chetu cha Unguja kimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha, maji yanapenya kwenye yale mawe, yanayeyusha chokaa kidogo kidogo, yanakwenda chini, nasi tunayavuta juu kwa pampu. Ukiyanywa ya baridi huoni kitu. Ukiyachemsha, chokaa inajitenga na kuganda panapopata moto. Angalia ndani ya birika lako, ule ukoko mweupe ndio huu huu. Na kadiri unavyopandisha moto ndivyo inavyoganda kwa kasi. Mimi kitufe cha moto nilikiweka juu kabisa, nikidhani ndiyo raha ya hita. Kumbe nilikuwa najenga. Kiweke kwenye digrii 60, panatosha hapo, halafu changanya na ya baridi.

Kuna mlio pia. Kama hita yako inapasuka pasuka ndani mithili ya bisi, ni maji yaliyonaswa chini ya chokaa yanachemka. Yangu ililia hivyo miezi, nikasema ndiyo sauti yake.

Lakini kitu kilichonishangaza zaidi ni hichi hapa, huu waya. Huu ulikuwa fimbo nene ya magnesi, mafundi wanaiita anodi. Kazi yake ni kafara. Wallahi sina neno jengine lililo bora. Tangi ni chuma kilichopakwa ganda kama la sahani ya bati, na ganda hilo halikosi vitundu. Maji yakitaka kula chuma, yanakutana na magnesi kwanza, yanaila yenyewe, chuma kinasalimika. Fimbo ikiisha, zamu ni ya tangi. Na tangi likitoboka, hapo ndipo kweli hita imekufa, halichomelewi likakaa. Wanaotumia maji ya visima vya pwani, Paje, Jambiani, Makunduchi, ambako kisima kinakuwa na chumvi chumvi, anodi inaliwa haraka zaidi. Wao waiangalie kila mwaka bila ya kukosa. Mimi kwa miaka mitatu sikujua hata kama ipo. Kwenye kijitabu imeandikwa, ndiyo, kijitabu nilikitia droo.

Tumetia koili mpya, anodi mpya na mpira mpya wa kuzuia maji hapa kwenye mdomo. Mpira msirudishe wa zamani, utavuja tu. Vyote pamoja na ufundi havijafika robo ya bei ya hita nyengine. Chokaa iliyobaki chini ya tangi tumeikomba kwa mkono. Koili ambayo haijapasuka unaweza kuiloweka kwenye siki usiku mmoja, chokaa inalainika.

Mengine haraka haraka. Maji yanadondoka kwenye valvu ya usalama, ile inayotoa presha ikizidi ndani ya tangi, wakati hita inawaka: hiyo ni kawaida, maji yakipata moto yanatanuka. Usiizibe! Nimeona nyumba wameipiga kizibo, hilo ni bomu mnakoga nalo. Ikidondoka hata hita ikiwa imezimwa, basi pana tatizo la valvu au presha. Maji ya harufu ya mayai viza: vijidudu na magnesi vinafanya yao ndani, badilisha anodi iwe ya alumini iliyochanganywa na zinki. Maji ya moto yana rangi ya kutu na ya baridi ni safi: tangi linaliwa.

Na zile ndogo za kichwani, za shawa, zinazochemsha papo kwa papo? Naulizwa sana. Hazina tangi la kutoboka, lakini nyingi zina wati kama 5,500, yaani ampea 24 hivi. Waya wa soketi hauwezi, utaunuka kabla hujamaliza kujipaka sabuni. Zinataka waya wake mnene, breka yake, na ethi ya kweli iliyozikwa ardhini. Koili yake imo ndani ya maji unayokoga, kwa hiyo kwa maji ya chumvi hakikisha umenunua ile iliyotengenezewa maji ya chumvi. Nyumba isiyo na ethi mimi siifungi, hata uniambie nini.

Kwa nyumba yenye watu watano na simtanki juu, mimi bado nachagua hii ya tangi. Kuyapandisha lita 50 kutoka digrii 27 mpaka 60 inakula kama uniti mbili za Tukuza, huu umeme wetu wa kulipia kabla, saa moja na robo hivi. Usiiache imewashwa mchana kutwa.

Sasa tunaijaza. Bomba la maji ya moto tumeliacha wazi, mnasikia linavyokohoa? Ni hewa. Hita isiwashwe mpaka maji yatoke mfululizo, la sivyo koili mpya inaungua leo leo. Hasa maji yakiwa yamekatika na simtanki limekauka... haya, yanakuja. Yamekaza. Fundi, pandisha breka.

Imekaa.

Mama! Dada keshakandwa?

Anasema keshakandwa tangu saa moja, na sufuria limeshaoshwa.