Nyumba ya mawe ya Waskoti karibu na Fergus, na mtu aliyeniambia siyajui mawe

Majuma kadhaa yaliyopita, kabla baridi haijakolea, nilikwenda kuitazama nyumba ya shamba iliyojengwa na wahamiaji Waskoti nje ya mji wa Fergus, jimbo la Ontario, Kanada. Kiingilio sikilalamikii, wala njia. Ninalalamikia sentensi moja ya mtembezaji wetu.

Alianza vizuri. Alieleza jinsi Adam Fergusson na James Webster walivyonunua zaidi ya ekari 7,000 mnamo 1833 ili kuwaweka Waskoti wenzao, jinsi familia zilivyokaa kwanza katika vibanda vya magogo, na jinsi mawe yaliyong'olewa mashambani yalivyorundikana miaka nenda miaka rudi hata yakawatosha waashi kujengea. Hakutaja kwamba eneo hilo la Nichol lilikuwa sehemu ya ardhi ambayo Waingereza waliwaahidi watu wa Mataifa Sita, muungano wa wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, mwaka 1784, nami nikalipitisha, kwa kuwa jicho langu lilikuwa limekwisha kunasa ukutani.

Upande wa kaskazini, chokaa baina ya mawe ilikuwa imekwanguliwa na mahali pake pakajazwa saruji ya kijivu, na nyuso za mawe zilikuwa zikibanduka kama maganda. Nikauliza kwa adabu kwa nini saruji, maana chokaa huuacha ukuta upumue, ilhali saruji huyafungia maji ndani, na maji hayo yakiganda wakati wa baridi hulipasua jiwe. Akatabasamu, akasema mbele ya wageni wote kwamba pengine ninakotoka nyumba za mawe hazijulikani.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu! Utoto wangu wote nimelala ndani ya kuta za matumbawe na chokaa, chini ya boriti za mikoko, na marehemu babu yangu alikuwa mwashi. Lamu ilikuwa na nyumba za mawe karne nyingi kabla Fergus haujaanzishwa. Hayo yote yalinijia nikiwa garini, narudi. Pale pale nilinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakoniuma zaidi kuliko maneno yake.

Nilikusudia kuandika: msiende. Lakini nikitoka nilipita upande wa kusini, ambao saruji haijaufikia, nikaona katika chokaa ya zamani vile vijipunje vyeupe visivyochanganyika sawasawa, vile vile vya nyumbani, na kwenye mawe ya pembeni alama za patasi ya mtu aliyelichonga kila moja bila haraka. Nilisimama hapo hadi nikaitwa. Basi nendeni, ukuta huo wa kusini peke yake unastahili safari. Nyumba naipa nyota nne, matembezi hata moja siyapi, na mkimkuta yule mtembezaji, mwulizeni tena kuhusu saruji.