TAHADHARI: Ubao wa tanga "uliotumika kidogo", nimeingizwa mkenge

Wenzangu mnaoteleza majini kwa tanga, hasa tunaoungaunga kwa vifaa vya mitumba, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anatangaza mtandaoni seti kamili: ubao, matanga mawili, mlingoti, upinde wa kushikia na pezi. Maelezo yake: "Imetumika kidogo, haina tatizo, nauza kwa sababu nahama." Bei ya kutupa. Nilipoomba picha ya karibu ya pua ya ubao, akanijibu kuna mteja mwingine yuko njiani. Hapo ndipo ningeaga. Badala yake nikaomba anisubiri!

Tulikutana giza linaingia. Ubao umelowa chapachapa, eti ametoka kuuosha anikabidhi ukiwa safi. Leo ndiyo naelewa. Ubao uliolowa unang'aa wote sawasawa, huwezi kujua wapi pana rangi mpya. Tena ukiona maji yanachuruzika kwenye skrubu ya kutolea hewa, unadhani ni ya kuoshea. Puani palikuwa na stika kubwa mpya kabisa. Nikaisifu.

Siku ya tatu majini ubao ukawa mzito kunyanyuka hata upepo ulipokuwa mzuri. Nyumbani nikatoa pezi na mikanda ya miguu, nikauweka kwenye mizani. Ubaoni kumeandikwa kilo 7.2, mizani inasoma 9.9. Tofauti ndogo ningeielewa, viraka na rangi vina uzito wake. Lakini hii ni karibu lita tatu za maji, yaani nilikuwa nateleza na ndoo ndogo tumboni mwa ubao.

Nikabandua ile stika. Fila, ile lipu ya kuzibia mashimo, ikatoka nayo nzima, kama gamba la kidonda. Chini yake hapakuwa na stairofomu inayojaza ubao, palikuwa na pango lenye kingo zilizoyeyuka, ngumi inaingia. Jamaa alikuwa ameziba ufa kwa fila ya kunyooshea bodi za magari. Fila ile ni ya poliesta, na ndani yake mna stairini, ambayo inakula stairofomu kama maji ya moto yanavyokula sukari. Kwa ubao wenye kiini cha stairofomu, dawa ni epoksi tu, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu. Kwa hiyo hakuficha ufa tu, aliuzidisha.

Mimi sina ugomvi na kifaa kilichochakaa. Ningeonyeshwa ule ufa, ningeununua ubao kwa bei yake na kuutengeneza mwenyewe: kata kilichooza, acha ukauke, jaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wake mwepesi, laza kitambaa cha fibaglasi kikivuka kingo za kidonda, piga msasa, paka rangi. Kazi ndogo. Kinachochukua muda ni kukausha. Wangu nimeufungua skrubu na kuulaza kivulini, shimo likiangalia chini. Kila wiki naupima, na sigusi epoksi mpaka uzito uache kushuka. Msiuanike juani skrubu ikiwa imefungwa: hewa ya ndani inatanuka na kubandua ngozi ya ubao.

Kubanduka huko ndiko kwa kuogopa kuliko ufa. Bonyeza kwa dole gumba sehemu zote unazokanyaga, halafu gongagonga kwa sarafu. Penye uzima mlio ni mkavu na mkali, palipobanduka unapooza ghafla. Kidoa kidogo unaweza kukidunga epoksi kwa sindano. Eneo likiwa pana kama sahani, rudisha sarafu mfukoni na uende zako. Nyufa nyembamba kuzunguka tundu la pezi au reli ya mlingoti, vivyo hivyo: hapo ndipo nguvu zote zinapopita.

Tanga moja lilinisaliti pia. Kwenye picha lilikuwa limekunjwa vizuri. Nilipolitandika mchana na kulielekeza juani, ile plastiki ngavu ilikuwa imefifia na kujaa mistari midogo kama kioo kilichokwaruzwa, na nilipoikunja kidogo ikalia kama karatasi kavu. Hilo limeliwa na jua, na hakuna kiraka kitakacholiokoa, maana litachanika pembeni ya kiraka. La pili lina tundu moja tu kwenye plastiki nzima. Nimelisafisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nikalikausha, nikabandika tepu ya matanga pande zote mbili. Pembe za tepu zikateni ziwe mviringo, la sivyo zinaanza kunyanyuka.

Mlingoti nashukuru ni mzima. Upinde ulikuwa umekwama kwa chumvi na mchanga, haurefuki wala haufupiki. Maji baridi mengi na subira vimeufungua.

Kiungo cha mpira kinachounganisha mlingoti na ubao nimekinunua kipya bila kujiuliza. Nilikipinda mpaka mwisho, nikaona nyufa zimezunguka shingo. Kikikatika mbali na ufuko, tanga linabaki na wewe na ubao unachukuliwa na upepo. Kamba ya akiba ya pembeni nayo ilikuwa imelika. Banieni kwingine kote, si hapa.

Nimemtumia muuzaji picha za lile pango. Amezisoma, akanifungia namba. Juzi tangazo limerudi na ubao mwingine, picha zimepigwa kwenye majani yaleyale, pua imekatwa nje ya fremu, na sababu ni ileile, bado anahama. Mkikutana nalo, mwombeni picha ya ubao ukiwa mkavu, juu ya mizani, bila stika.