Kipimo cha tezi ya shingo kwa binti wa kaka yangu: uzoefu wangu

Binti wa kaka yangu ana miaka 15, anaishi kwangu Dar es Salaam tangu aanze sekondari. Mwezi wa pili, joto lile ambalo hata feni inapuliza moto, yeye alikuwa anakaa sebuleni na sweta la shule. Mwalimu wake akaniita: analala darasani, hesabu alizokuwa anaongoza sasa zinamshinda. Nikamsema sana kwa uvivu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Aliyenishtua ni msusi. Alinionyesha nywele zilizobaki vidoleni mwake akasema, "Dada, huyu mtoto mpeleke hospitali, hapa mafuta hayasaidii."

Zahanati tuliyoanzia walimpima malaria na wingi wa damu, tukarudi na vidonge vya kuongeza damu. Mwezi ukapita hali ni ileile, na juu yake choo kigumu na hedhi ya siku 9. Shingo haikuvimba hata kidogo, na mimi ugonjwa wa tezi nilikuwa naujua kwa rovu tu. Jirani yangu muuguzi ndiye aliyeniandikia kwenye karatasi: TSH na T4 huru, vipimo vya damu vya kuangalia kazi ya tezi ya shingo. Nikaipeleka maabara binafsi vilevile ilivyo.

Huduma ilikuwa nzuri. Hakutakiwa kushinda njaa, walichukua damu chupa moja, dakika kumi tumemaliza. Nililipa shilingi 60,000 taslimu, maana bima yetu ilikataa. Majibu yalikuja kesho yake kwa WhatsApp, ila hakukuwa na mtu wa kunieleza, na hapo ndipo nawapunguzia alama. TSH 41, na pembeni wameandika kawaida ni 0.4 hadi 4. Usiku kucha nilidhani tezi inafanya kazi kupita kiasi.

Daktari alinieleza kuwa ni kinyume chake. TSH inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, nayo ndiyo inayoiamsha tezi ya shingo. Ya shingo ikizembea, ile ya chini ya ubongo inazidi kuita, na TSH inapanda. Bibi yake alisema ni chumvi isiyo na madini joto, lakini chumvi yetu inayo. Kipimo cha kingamwili kilionyesha kuwa kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoishambulia tezi.

Sasa anakunywa levothyroxine, dawa ya kufidia homoni ya tezi, kila alfajiri kwa maji matupu, nusu saa kabla ya chai. Mfamasia aliuliza kama bado anatumia vile vidonge vya damu, akatuambia vipishane kwa saa 4, kwa sababu madini ya chuma yanaizuia dawa isiingie mwilini vizuri. Swali hilo moja lilinifanya niwe mteja wake wa kudumu.

Baada ya wiki 6 tulirudi maabara ileile, TSH imeshuka hadi 9. Daktari ameongeza dozi kidogo. Sweta liko kabatini, na jana alinigombeza kwa kuzima feni.