Duka la bao Mkunazini: komwe za kweli bado zipo, nendeni

Kwa wenye haraka: nendeni, komwe zake, zile mbegu za mkomwe tunazozifanya kete za bao, ni za kweli na zimekomaa, na mzee mwenyewe anakujibu kila unachomuuliza. Wenye nafasi someni basi, manake hili jambo la komwe linanigusa na nshachoka kuona watu wanauziwa bao zuri la kuchonga halafu ndani ya kifuko wanatiliwa golori za kioo au vidude vya plastiki, kete haina uzito haina mlio, ukichota mkononi zinakukimbia zote.

Duka dogo tu, kichochoroni Mkunazini, Mji Mkongwe, halina hata kibao nje, utalijua kwa vumbi la mbao mlangoni. Bao anachonga za mfenesi zaidi, kuna na za mninga, mashimo yamepigwa msasa mpaka ndani na zile nyumba mbili, shimo kuu la kila mchezaji, kazikata pembe nne sawasawa, sio zile za haraka haraka ambazo nyumba huijui ipi. Bei ya bao siandiki kwa sababu inategemea ukubwa na nakshi na mapatano yenu, ila komwe seti nzima ya 64 miye nilitoa 15,000 na sikuona ghali.

Sasa komwe zenyewe. Kanimwagia kwenye mkeka akaniambia chagua mwenyewe mwanangu. Rangi ya majivu, zinang'aa kidogo, na ukiisogeza moja karibu na jicho unaona vijistari vyembamba vinaizunguka kuanzia ncha moja. Ile iliyochumwa mbichi ikikauka inasinyaa na kuingia vishimo, akaniambia hiyo weka kando hata kama namba itapungua, ntakuongeza nyengine. Iliyokomaa ngumu kama nini, ukiisugua kwenye saruji inapata moto kweli kweli, waliokulia pwani wanajua tulivyokuwa tukichomana nazo skuli.

Nikamuuliza, mzee wangu, unazipata wapi siku hizi? Akasema analetewa na vijana wa kusini huko, na sharti lake hawakati mti, wanasubiri ganda lipasuke lenyewe ndio wanatoa. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Anayemjua mkomwe anajua kwa nini vijana wengine wanaona bora kukata, ule mti unatambaa juu ya vichaka na miiba yake imepinda, imejaa kwenye kikonyo na chini ya majani, ukiingiza mkono unaingia, kuutoa ndio kazi. Maua yake ya njano, na ganda lote limejaa miiba midogo iliyosimama, likikauka linafunguka mdomo wazi na ndani mara nyingi unakuta komwe moja au mbili tu. Basi hesabu mwenyewe 64 ni maganda mangapi na mikwaruzo mingapi, halafu mtu anakuja dukani anasema elfu kumi na tano ghali.

Mkomwe ni jamii ya kunde, ndugu wa mbali wa choroko na mkwaju, hata mbambakofi wa milango ya Mji Mkongwe yumo humo humo. Wataalamu siku hizi wanauita Guilandina bonduc, vitabu vya nyuma utaukuta Caesalpinia bonduc. Unaota pwani za joto karibu dunia nzima, Bahari ya Hindi, Pasifiki, Karibiani, na kilichoufikisha kote huko ni bahari. Komwe ndani ina nafasi ya hewa kwa hiyo inaelea, na ngozi yake haipitishi maji, inaweza kukaa baharini muda mrefu sana ikatupwa pwani nyengine ikiwa bado hai. Zile za Karibiani zinachukuliwa na mkondo mpaka Ireland na Norwe, kule baridi haiziachi ziote, ila watu wa visiwa vya Hebrides huko Uskoti zamani wakiokota mbegu za namna hii pwani na kuwavisha watoto hirizi. Na ngozi hiyo hiyo ndio inafanya ukiipanda hivi hivi usubiri sana, lazima uikwaruze kwa tupa au msasa kwanza mpaka uone ndani ndio maji yaingie.

Kwa hiyo kidunia mkomwe hauhesabiwi kwamba umo hatarini, umeenea mno. Lakini miye siishi duniani kote, naishi hapa, na hapa mahala pake ni ule ukingo juu ya mchanga na vichaka vya maweni, ndio huko huko kunakofyekwa ili hoteli ipate uwazi wa kuona bahari, na kwengine kunakatwa kuni na mkaa. Mtu anauona mwiba tu anaufyeka. Hajui kama ule ukuta wa miiba unawazuia ng'ombe na watu wasipite juu ya ukingo, na chini yake miche mengine inapata kujificha ikakua. Sasa fundi kama huyu akinunua komwe zilizodondoka, yule kijana wa kusini anapata sababu ya kukiacha kichaka kisimame mpaka mwakani, na hiyo ni faida ambayo golori ya kioo haikupi.

Kasoro zipo. Anafungua kwa nafsi yake, asubuhi mapema humkuti, na adhuhuri akienda kusali harudi upesi, bora uende baada ya alasiri. Malipo ya simu hapokei, chukua pesa taslimu. Kifuko cha komwe ni kitambaa chepesi, changu kimetoboka pembeni, mwambie akupe kile kinene. Na zihesabu hapo hapo mbele yake, 32 zako 32 za mwenzio, kila mtu 10 ubaoni na 22 mkononi, ikikosekana moja kunamua, ile sehemu ya mwanzo ya kutia kete za mkononi ubaoni, hakuendi, yeye mwenyewe hakasiriki anahesabu na wewe.

Watu wa Pemba, kama kuna fundi Chake au Wete anayeuza komwe za kuokota namna hii niandikieni hapa chini, nina wajomba Micheweni wanalilia seti mpya na sitaki niwapelekee kutoka Unguja wakati kwao zipo.