Uzoefu wangu na programu ya maafilieti ya kasino: wageni wa Uholanzi walikuwa wanapelekwa wapi?

Naendesha tovuti ya Kiingereza inayolinganisha kasino za mtandaoni, nikiwa hapa Mombasa. Wasomaji wangu wengi wako Kanada, Ireland na New Zealand. Wa Kenya siwapeleki kwenye kasino ninayoizungumzia, kwa kuwa haina leseni ya hapa. Ninachotathmini ni programu yao ya maafilieti, yaani mpango wa kuwalipa wenye tovuti kama mimi wanaowapelekea wachezaji, si michezo yao. Jina nimeliacha makusudi: mtindo huu uko kwenye kampuni zaidi ya moja, na ningependa wenzangu wautambue popote watakapoukuta.

Mazuri yao nayasema kwanza. Kamisheni ya mgawo wa mapato ni asilimia 30, kiwango cha kawaida kwenye kazi hii. Pesa huingia kwa wakati, na salio hasi la mwezi mmoja (wachezaji niliowaleta wakishinda kuliko walivyopoteza) halihamishiwi mwezi unaofuata, jambo ambalo wengi hawakupi. Dashibodi inaonyesha mibofyo kwa kila nchi, na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Uholanzi ilikuwa inaleta mibofyo mingi, lakini safu ya usajili ikabaki sifuri mwezi hadi mwezi.

Kwa upande mmoja, sifuri hiyo ndiyo ilipaswa kuwepo. Uholanzi ilifungua soko lake la kasino za mtandaoni Oktoba 2021, na asiye na leseni ya Kansspelautoriteit, mdhibiti wa kule, haruhusiwi kuwapokea wachezaji walioko nchini humo. Kasino hii haina leseni hiyo. Kwa hiyo nilitarajia msomaji wangu wa Rotterdam akibofya, akute ukurasa unaomwambia kistaarabu kwamba huduma haipatikani kwake.

Nina rafiki anayeishi Utrecht. Nilimwomba afungue linki yangu kwenye simu yake huku akirekodi skrini. Bofyo la kwanza lilipita kwenye seva ya ufuatiliaji, na tagi yangu, yaani alama inayoonyesha kwamba mgeni ametoka kwangu, ilionekana wazi kwenye anwani. La pili lilifika kwenye kasino yenyewe, tagi bado ipo. Kisha, kabla ukurasa haujafunguka vizuri, anwani ikabadilika kabisa: jina jingine la kasino, rangi nyingine, bonasi kubwa zaidi, na baada ya jina la tovuti hakuna kitu. Tagi imekatwa. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na leseni ya Anjouan, yaani Nzwani ya majirani zetu Wakomoro. Barua pepe ya huduma kwa wateja ilikuwa ileile ya kasino ya kwanza.

Kwa asiyejua mitambo hii: kuki inayokumbuka kwamba mchezaji ametoka kwangu huwekwa kwenye tovuti ya kasino ya kwanza, na kasino ya pili haiwezi kuisoma. Njia rahisi ya kuniunganisha na mchezaji huyo ni kuibeba tagi ndani ya anwani anapohamishwa. Ni suala la mpangilio kwenye seva, na kwa fundi anayejua kazi yake si kazi ya siku nzima. Wao walikuwa tayari wamepanga nani ahamishwe, kwa nchi gani, kwenda wapi. Tagi peke yake ndiyo iliyoachwa nyuma.

Nilimwandikia meneja wa maafilieti na kumtumia video. Alijibu kwa adabu, akinielekeza kwenye kifungu cha masharti kinachosema kwamba wachezaji wa nchi zilizozuiwa hawalipiwi kamisheni. Kifungu hicho nilikuwa nakijua, na hata sikipingi. Ila kinamhusu mchezaji aliyezuiwa, na huyu hakuzuiwa. Alipokelewa mlango wa pili wa nyumba ileile, akaombwa aweke pesa. Kama hafai, asipokelewe na yeyote kati yao. Kama anafaa, amekuja kwa linki yangu. Hawawezi kuihesabu pesa yake kuwa halali kwao na haramu kwenye akaunti yangu.

Tena kamisheni si jambo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni msomaji. Yeye alisoma uchambuzi wangu wa kasino moja, niliyoijaribu kwa pesa yangu, nikatoa pesa na kuandika ilichukua muda gani kunifikia. Akabofya kwa kuniamini, akajikuta kwenye kasino ambayo sijawahi kuigusa. Uholanzi kuna rejista ya Cruks, ambako mtu aliyeshindwa kujizuia huweza kujifungia asiruhusiwe kucheza. Kila kasino yenye leseni ya kule lazima iiangalie kabla ya kumruhusu mchezaji. Hii ya Anjouan haina leseni ya kule, na haiangalii. Mtu aliyejitahidi kujinusuru anaweza kurudishwa mezani kupitia linki yenye jina la tovuti yangu, bila mimi kujua lolote.

Programu nyingine ninayofanya nayo kazi inaonyesha kwamba inawezekana. Mgeni wa nchi iliyozuiwa huona ukurasa wa kukataliwa, basi. Ukitaka, wanakupa nafasi ya kuweka anwani yako mwenyewe ili mgeni arudi kwako, umpeleke kwenye kitu halali kwa nchi yake. Wakiwa na kasino dada inayoruhusiwa kule, wanakuuliza kwanza. Ukikubali, anahamishwa na tagi yake, na unamwona kwenye ripoti. Mimi nilichagua arudi kwangu. Wasomaji wa Uholanzi sasa wanatua kwenye ukurasa unaowaeleza Cruks ni nini na namna ya kuhakiki leseni ya kasino kwa Kansspelautoriteit.

Kwa ile ya kwanza, niliomba mawili: uhamisho wa mibofyo yangu uzimwe, na nipewe orodha ya nchi zote zinazohamishwa. La kwanza walilifanya, na rafiki yangu wa Utrecht amehakiki. Orodha sijapewa hadi leo, na hadi nitakapoipata linki zao nimeziondoa kwenye kila ukurasa usiolenga nchi moja mahususi. Nawapa nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa malipo yasiyochelewa.